Programu Tatu kwa Kazi Moja: Mkusanyo Ubebe Mbadala Ngapi?

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Mtu anayekusanya programu na kuzifunga pamoja ili mwenzake azisakinishe kwa mkupuo mmoja, aweke programu ngapi kwa kila kazi? Kama kazi ni kuandika barua, atosheke na programu moja, au aweke tatu ili kila mtu apate anayoipenda? Kivinjari kimoja au viwili? Wapo wanaosema mbadala ni utajiri, wapo wanaosema ni takataka za kujaza diski. Makala hii inalijadili swali hilo kwa mambo yaliyokwisha kutokea, na kwa hesabu ya shule moja ya sekondari huko Kerege, kwa sababu jibu la mtu mwenye intaneti ya chuo haliwezi kuwa jibu la mwalimu anayenunua bando la wiki kwa simu yake mwenyewe.

Kwanza tuelewane majina. Linux peke yake ni kiini tu, ile sehemu inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski. Kiini hakikuandikii barua. Ili kompyuta ifae kitu, lazima mtu achukue kiini hicho, aongeze dirisha la amri, kivinjari, programu za ofisi, fonti, viendeshi vya printa, kisha ahakikishe vyote vinapatana. Kazi nzima iliyofungwa pamoja ndiyo ninayoiita hapa mkusanyo. Vijiweni tunasema distro na hakuna asiyeelewa. Debian ni mkusanyo, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ni mkusanyo uliojengwa juu ya Debian, ukatoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mtu akikwambia "mimi natumia Linux", muulize mkusanyo gani, maana maamuzi yote tunayoyajadili hufanywa na wakusanyaji, si na walioandika kiini.

Ubuntu walianza na jibu kali: programu moja kwa kazi moja. Sababu kubwa ilikuwa ya kimwili kabisa. Mkusanyo wao ulitakiwa kuingia kwenye CD moja, na CD inabeba takriban MB 700. Na CD hiyo ilikuwa na maana kwetu kuliko kwa wengi, kwa kuwa miaka ile Ubuntu walikuwa wakizituma bure kwa posta popote duniani, utaratibu uliodumu mpaka 2011. Ulihitaji sanduku la barua na subira. Sasa ukiwa na MB 700, kila programu inayoingia inamtoa mwenzake. Mwaka 2010, toleo la 10.04, GIMP ilitolewa kwenye CD. Hii ni programu ya kuhariri picha ambayo watu waliizoea na kuipenda, kelele zikapigwa, lakini hoja ya wakusanyaji ilikuwa kwamba wengi wanataka kupunguza ukubwa wa picha na kuondoa wekundu wa macho tu, na programu nyingine iliyokuwamo ilitosha kwa hilo. Anayetaka GIMP aipakue.

"Aipakue." Nitalirudia neno hilo huko mbele.

Baadaye Ubuntu wenyewe waliachana na mpaka wa CD. Toleo la 12.10 la Oktoba 2012 lilizidi ukubwa huo. Lakini angalia walichofanya baada ya nafasi kupatikana. Hawakurudi kujaza vihariri vitano. Toleo la 23.10 la mwaka 2023 lilifanya usakinishaji mdogo kuwa chaguo la kawaida: kivinjari, vifaa vya msingi, basi, mengine mtu atajiongezea. Kwa hiyo nafasi ya diski ilikuwa sababu moja tu, na sababu nyingine zilikuwapo muda wote.

Hapa wabishi wengi huchanganya mambo mawili. Kuna ghala, na kuna meza. Ghala ni hifadhi ya mtandaoni yenye vifurushi vyote ambavyo mkusanyo unavitunza. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000 ghalani. Meza ni kile unachokikuta baada ya kusakinisha, kabla hujaongeza chochote. Duka kuwa na aina kumi za sabuni si tatizo. Tatizo ni kuzikuta zote kumi bafuni kwako. Ukimsikia mtu anasema "Debian ina vihariri mia, na inafanya kazi vizuri", anazungumzia ghala. Anayemjibu "mimi sitaki kuona vihariri vitatu kwenye menyu" anazungumzia meza. Wanaweza kubishana mpaka asubuhi na wote wawili wakawa sahihi.

Sasa mtu wa ghala na mtu wa meza wangeweza kupatana kirahisi: ghalani weka vyote, mezani weka kimoja. Na kwa Ulaya mapatano hayo yanatosha. Ila hata ghala lina gharama yake, na mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu ni ugomvi wa FFmpeg na Libav.

FFmpeg ni seti ya maktaba za kusoma na kuandika video na sauti. Karibu kila programu inayocheza video kwenye Linux inaitegemea, iwe unajua au hujui. Mwaka 2011 waandishi wake waligombana, kundi moja likajitenga na kuanzisha Libav. Debian na Ubuntu wakafuata Libav. FFmpeg haikufa, iliendelea, na kwa maoni ya wengi ikaenda mbio zaidi. Mwaka 2014 kukawa na hoja ndani ya Debian kwamba FFmpeg irudishwe, zikae zote mbili, mtumiaji achague. Linasikika kama jibu la busara, si ndiyo? Walioligomea ni kikosi cha usalama. Maktaba za video ni moja ya sehemu zenye kasoro nyingi za kiusalama, kwa kuwa zinafungua faili ambazo hujui zimetoka wapi. Kila kasoro ikigunduliwa, mtu anakaa, anasoma msimbo, anaandika kiraka, anakijaribu, anakitoa. Mkiwa na maktaba mbili zinazofanana, kazi hiyo inafanywa mara mbili, na wanaoifanya ni watu walewale wachache. Debian 8 ikatoka Aprili 2015 ikiwa na Libav peke yake. Julai mwaka huohuo wakaamua kuhamia FFmpeg, na Libav ikaondoka.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu una pande mbili. Upande mmoja unaonyesha kwamba mbadala si bure hata ukiwa umelala ghalani: kuna mtu anayelipa kwa usiku wake. Upande wa pili, wangewezaje kurudi FFmpeg kama isingekuwapo? Ilikuwa hai, ilikuwa tayari imeshaingizwa kwenye tawi la majaribio la Debian, watu wameshaishika mikononi. Mbadala uliokataliwa kukaa mezani ndio uliookoa safari ilipobidi kugeuza njia. Kwa hiyo anayesema mbadala zote ni takataka ajibu na hilo.

Upo mfano mwingine ambao mbadala ulilipa waziwazi, nao unahusu lile dirisha jeusi tunaloandikia amri. Programu inayosoma amri zako humo kwa kawaida ni bash. Lakini kompyuta nayo, inapowaka, inaendesha skripti nyingi, na skripti hizo huita msomaji wa amri kwa jina la /bin/sh. Kwa miaka mingi jina hilo lilielekezwa kwenye bash hiyohiyo. Ubuntu 6.10, Oktoba 2006, ikalielekeza kwenye programu nyingine ndogo iitwayo dash. Debian wakafuata kwenye toleo la 6.0 mwaka 2011. Kwa nini wasomaji wawili wa amri kwenye mashine moja? Dash ni ndogo na ina kasi, inafaa skripti za kuwashia mashine. Bash ina mapambo yanayomsaidia binadamu anayeandika kwa vidole.

Mabadiliko hayo yaliumiza. Skripti nyingi zilivunjika, kwa kuwa waandishi wake walitumia mapambo ya bash huku wakidai wanaandika kwa lugha ya kawaida ya sh. Walidhani wanafuata kanuni, kumbe walikuwa wanafuata tabia za programu moja. Bila msomaji wa pili, kosa hilo lisingeonekana kamwe. Kisha Septemba 2014 ikagunduliwa kasoro kubwa ndani ya bash, ikapewa jina la Shellshock, iliyomruhusu mtu wa mbali kupenyeza amri zake kwenye seva. Mashine ambazo /bin/sh yake ilikuwa dash zilikuwa na milango michache zaidi iliyo wazi. Hazikuwa salama kabisa, skripti zilizoita bash kwa jina lake zilibaki hatarini. Lakini tofauti ilikuwapo.

Ukiangalia vizuri, dash na bash hazirudufu kazi. Zinaonekana hivyo kwenye orodha, lakini kila moja ina kazi yake, na tofauti zao ndizo zenye faida. Wavuvi wa Bagamoyo wanalijua hili bila kusoma kozi yoyote: chombo kina mashine, lakini tanga nalo limo. Nahodha habebi mashine tatu. Anabeba kitu kisichokufa kwa ugonjwa uleule, maana mafuta yakiisha yameisha kwa mashine zote.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha darasani: mbadala wa uongo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliyumba nchi nzima, na wengi wetu tulikuwa na kazi za kuwasilisha. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini kwa wakati mmoja. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya miaka kumi tuliambiwa, na ni kweli kwa sehemu, kwamba nchi ina mikongo zaidi ya mmoja, ukikatika huu upo ule. Lakini mikongo miwili inayopita njia za jirani chini ya bahari moja inaweza kupatwa na jambo moja. Ukiihesabu kwenye karatasi ni miwili. Siku ya tatizo ni mmoja na nusu, au ni mmoja.

Vivinjari navyo ni hivyohivyo. Mtu anakuwekea Chromium, Brave na Opera, anakwambia nimekupa chaguo tatu. Opera iliacha injini yake ya zamani mwaka 2013 na kuhamia kwenye msingi wa Chromium. Edge ya Microsoft ikafuata, ikatoka rasmi na msingi huo Januari 2020. Brave imejengwa juu ya huohuo. Kasoro ikipatikana kwenye injini ile, wote wanaugua pamoja, na kwenye diski yako umehifadhi nakala tatu za ugonjwa. Firefox ina injini yake yenyewe. Kwa hiyo Chromium na Firefox pamoja ni mbadala wa kweli: tovuti ya maombi ya mkopo ikigoma kufunguka kwenye kimoja, una sababu ya kujaribu cha pili. Chromium na Brave pamoja ni rangi tu.

Tuje Kerege sasa. Kwa msiopafahamu, ukitoka Dar kwa barabara ya Bagamoyo, ukipita Bunju na kuvuka mto Mpiji umeshaingia mkoa wa Pwani. Unapita Mapinga, kisha Kerege, kabla ya kufika Bagamoyo mjini. Mimi na wenzangu kadhaa tumekuwa tukienda huko wakati wa likizo kusaidia shule moja yenye kompyuta zilizotumika. Tuseme kompyuta 20, ili hesabu iwe rahisi. Wanafunzi 40 darasani wanakaa wawiliwawili, kipindi ni dakika 40, na mwalimu ni mmoja.

Tuliloandaa ni mkusanyo wetu mdogo: tumechukua Debian, tumechagua vifurushi, tumefunga, tunasakinisha kwa flashi. Mara ubishi ukaanza, uleule wa wakubwa. Mwenzetu mmoja alitaka LibreOffice pamoja na AbiWord na Gnumeric, "ili wanafunzi wajue kwamba dunia ina zaidi ya programu moja". Nia njema kabisa. Hebu tuipigie hesabu.

Tuseme programu za ziada zinaongeza MB 300 za kupakua. Kwa mashine moja si kitu. Kama kila mashine inajipakulia yenyewe, 300 mara 20 ni MB 6,000, yaani GB 6. Kisha masasisho. Tuseme programu hizo zinaleta MB 50 za masasisho kwa mwezi: mara 20 ni GB 1 kila mwezi, kwa ajili ya programu ambazo kazi yake inafanywa na nyingine iliyopo. Kuna dawa ya hili, nayo ni kuifanya mashine moja iwe stoo, ipakue mara moja na kuwagawia wenzake; kwenye Debian kifurushi cha apt-cacher-ng kinafanya kazi hiyo. Hapo GB 6 zinarudi kuwa MB 300. Kwa hiyo data peke yake si hoja ya kumshinda mwenzetu, nami nilimwambia hivyo.

Hoja iliyomshinda ni steshenari. Mwanafunzi anaandika barua ya maombi kwenye AbiWord, anabonyeza hifadhi, anaweka kwenye flashi, anakwenda steshenari ya barabarani kuchapisha. AbiWord isipoelekezwa vingine huhifadhi faili kwa aina yake yenyewe, .abw. Kompyuta ya steshenari ina Windows na Word. Faili halifunguki. Amelipa nauli, au ametembea, amerudi mikono mitupu, na anachojifunza ni kwamba "kompyuta za shule ni mbovu". Gnumeric nayo ina aina yake ya faili. LibreOffice pia ina aina yake, .odt, lakini Word za miaka hii zinaifungua, na unaweza kuiweka ihifadhi .docx moja kwa moja kwa mashine zote 20. Jambo hilo unalifanya mara moja kama programu ni moja. Zikiwa tatu unalifanya mara tatu, na ya tatu utaisahau.

Kuna na mwalimu. Nusu ya darasa imefungua programu hii, nusu ile. Anasema "bonyezeni kitufe cha tatu kutoka kushoto", na kitufe cha tatu ni vitu viwili tofauti. Kwa dakika 40, hilo linakula dakika kumi. Mtaalamu anaona mbadala kama uhuru. Anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza anaona mlango wa ziada asiojua unaelekea wapi.

Na kuna lugha. Hapa lazima tutoe heshima kwa kazi iliyofanyika hapahapa nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi ikiwa na menyu za Kiswahili. Kabla ya kutafsiri menyu ilibidi maneno yenyewe yaamuliwe, neno kwa neno. Programu ya ofisi ina maelfu kwa maelfu ya vipande vya maneno, kuanzia "Faili" mpaka ujumbe wa kosa ambao mtu ataukuta mara moja maishani. Sasa jiulize: ukiweka programu tatu mezani, nani atazitafsiri hizo mbili nyingine? Wajitolea wa Kiswahili ni wachache na kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Matokeo yake tunayajua: menyu nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, mwanafunzi anasoma "Hariri" hapa na "Edit" pale. Kwa lugha kubwa zenye mamia ya watafsiri, programu rudufu hazigusi kitu. Kwa lugha yetu zinagawanya mikono michache mara tatu. Hoja hii siioni kwenye mijadala ya wakusanyaji wa ng'ambo, na sishangai.

Lakini tusiishie hapo, maana historia ya OpenOffice ina upande wa pili. Mwaka 2010 Oracle waliinunua kampuni ya Sun iliyokuwa ikiimiliki, waandishi wengi wakaingiwa na wasiwasi, na Septemba mwaka huo wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Mikusanyo ilihama haraka, Ubuntu 11.04 ya Aprili 2011 tayari ilikuwa na LibreOffice. Hawakuweka zote mbili mezani wakasubiri mshindi. Waliichukua moja na kuiacha nyingine, na waliweza kwa sababu leseni huria iliruhusu msimbo na tafsiri kuchukuliwa na kuendelezwa na mtu mwingine. Faili za .odt za zamani zilifunguka vilevile. Maana yake ni kwamba kinga haikuwa kuwa na programu mbili kwenye kompyuta ya mwalimu. Kinga ilikuwa leseni, na aina ya faili ambayo haimilikiwi na mtu mmoja. Ukivipata hivyo viwili, mbadala unaweza kukaa mbali na bado ukawa msaada siku ya shida.

Nirudi kwenye lile neno "aipakue". Wakusanyaji wanapotoa kitu mezani wanajifariji kwamba kipo ghalani. Kwa Kerege siku bando limeisha, ghala halipo. Kilichotolewa mezani kimetolewa duniani. Kwa hiyo sheria ya "moja kwa moja" haiwezi kunakiliwa kama ilivyo kutoka kwa watu ambao ghala lao liko sekunde tano mbali. Tulichofanya ni kubeba ghala: diski ya nje yenye nakala ya vifurushi tulivyokisia vitahitajika, imekaa kwenye ile mashine ya stoo. Humo AbiWord ipo. GIMP ipo. Vihariri vya msimbo vipo vinne, na Kiwix ikiwa na Wikipedia ya Kiswahili. Menyu ya mwanafunzi haionyeshi hata kimoja kati ya vihariri hivyo vinne isipokuwa Thonny, ambayo inatosha kwa masomo ya mwanzo ya Python. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akichoka nayo, mwalimu anajua pa kwenda.

Vivinjari tuliviacha viwili, Firefox na Chromium, kwa sababu nilizozitaja, ingawa ndivyo vinavyokula kumbukumbu kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine zile. Nilipinga mwanzoni. Kilichonibadilisha ni kwamba tovuti za huduma zinajengwa na watu wanaojaribu kwenye Chrome tu, na mwalimu akikwama siku ya mwisho ya kuingiza taarifa hatapiga simu kwa aliyeijenga tovuti.

Bado hatujaelewana kuhusu mashine tatu zenye kumbukumbu ya GB 1. LibreOffice inafunguka humo, lakini unaweza kwenda kunywa maji na kurudi. Mmoja wetu anataka AbiWord kwa hizo tatu tu, ikiwa imelazimishwa kuhifadhi .docx. Mwingine anasema ni bora kuhamisha vipande vya kumbukumbu kutoka kwenye mashine mbovu ili zote zilingane, hata kama zitabaki 18. Mimi nimeegemea kwa huyu wa pili.

Kwa anayetaka kuyaona haya kwenye mashine yake ya Debian au Ubuntu, afungue teminali na kuandika:

ls -l /bin/sh

Ataona jina hilo linaelekea wapi. Kisha:

update-alternatives --list editor

Hii inaorodhesha vihariri vinavyogombea jina moja la "editor" kwenye mashine. Huu ni utaratibu wa Debian wa kuruhusu programu kadhaa za kazi moja zikae pamoja bila kupigana: kila moja ina njia yake, na kiungo kimoja kinaamua nani anaitwa kwanza. Mwisho, chagua vivinjari au vicheza video viwili unavyoamini ni mbadala, na kwa kila kimoja andika:

apt-cache depends

ikifuatiwa na jina la kifurushi. Weka orodha mbili kando kwa kando na uhesabu maktaba zinazofanana. Ukikuta vicheza video vyako vitatu vyote vinaegemea libavcodec, ile maktaba ya FFmpeg, utajua una mikongo mingapi.